Aliyeomba Ndiye Anayeachilia

Graciela Tapia alifika Huyelque mwezi wa Machi akiwa na mume mgonjwa, masanduku manne na mwavuli. Mwavuli ndio uliotuchekesha. Kisiwani kwetu mvua haianguki, inakuja ubavuni ikisukumwa na upepo, na mwavuli wake haukufika hata mwisho wa gati. Ulipinduka, ukamtoka mkononi, ukaenda zake baharini. Wanaume waliokuwa wakipakua unga walicheka mpaka wakakaa juu ya magunia. Yule mwanamke alisimama amelowa chapachapa, akawatazama, kisha naye akaangua kicheko, na wengi wetu tuliamua palepale kwamba huyu atatufaa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani tulimchukia tangu mwanzo.

Walitoka kaskazini, kwenye jangwa la migodi ya shaba, ambako mtu anaweza kuzeeka bila kukanyaga tope. Mumewe, Nolberto, alikuwa amechimba mwamba miaka thelathini na mmoja, na vumbi la mwamba lilikuwa limekaa mapafuni mwake likagoma kutoka. Daktari hakumzungusha: aondoke kwenye vumbi, la sivyo hana miaka miwili. Wakauza kila walichokuwa nacho, wakanunua nyumba huku kwetu kwa kuangalia picha. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, ya mbao ngumu, kuta zake zimevikwa vigae vya mti vilivyochongwa kwa mkono. Lakini aliyewauzia alihama haraka haraka, na picha zake hazikuonyesha kwamba nyuma ya jiko, hatua kumi na nne tu, ardhi inakwisha na bahari inaanza.

Sisi tulijua. Kila msimu wa baridi bahari ilikuwa inaumega ule ukingo wa udongo, leo kipande, kesho kipande. Hakuna aliyewaambia kabla hawajanunua, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Huo ni ugonjwa wetu, na sina haja ya kuuficha.

Aliyemshika Graciela mkono alikuwa jirani yake, Doña Orfelina Cárcamo, bibi wa miaka sabini na minne, mfupi, mwembamba, na mdomo wake hauna breki. Alikaa na mumewe mzee, Don Edicto, ubavuni mwa kanisa letu la mbao. Wiki ya kwanza tu alikuja akasimama uani kwa Graciela na majembe mawili begani.

"Wewe wa jangwani! Toka ndani, mvua haing'ati."

"Doña Orfelina, ngoja kwanza ikatike."

"Ikatike? Ukiingoja ikatike utazikwa ukiwa mkavu. Toka! Mgeni siku mbili, jirani, ya tatu ni jembe."

Basi akatoka. Alijifunza kuchimba viazi kwa mkono bila kuvijeruhi, na kuvijua kwa majina, vyeusi na vya zambarau na vile vilivyopinda. Alijifunza kukuna viazi vibichi, kuvikamua kwa kitambaa, kuvikanda na mafuta ya nguruwe na kuvioka jikoni. Maji yakipwa alishuka ufukweni na wanawake kuchimbua chaza, viatu mkononi, miguu imekufa ganzi. Mwanzoni alilia kwa baridi. Baadaye akawa anashuka wa kwanza, na jioni akimsimulia Nolberto alikuwa akizungumza kama mtoto aliyetoka shuleni, leo nimejua hiki, leo nimejua kile. Nolberto alimsikiliza akiwa kwenye kiti chake karibu na moto. Kikohozi kilikuwa kimepungua. Usiku alilala saa tano mfululizo, jambo ambalo mkewe hakuwa ameliona kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo alipoamka asubuhi moja ya Januari, mwaka uliofuata, akakuta banda la kuku limeshuka na ukingo pamoja na kuku wake sita, maji yalimfika shingoni. Kutoka jiko mpaka baharini zilibaki hatua tano.

"Turudi," alisema Nolberto.

"Turudi wapi? Nani ana nyumba huko? Nani ana mapafu ya huko?"

Doña Orfelina alikuja, akachungulia chini ya ukingo, akatema mate kuelekea baharini.

"Nyumba ivutwe," akasema, kama mtu anayesema sufuria iepuliwe.

"Ivutwe na nani?"

"Na sisi. Itafanyiwa minga, kijiji kizima kinavuta bila malipo. Wewe hujawahi kuona nyumba ikivuka maji? Basi hujaona kitu, mama."

Kiwanja kilipatikana ng'ambo ya hori, kwenye ghuba ndogo yenye ardhi ya mawe, mali ya Don Sofanor Barría, mwenye maksai wakubwa kuliko wote kijijini. Kwa nchi kavu haikuwezekana, kuna bonde na kinamasi. Ilibidi nyumba ishushwe ufukweni maji yakiwa yamepwa, ifungiwe mapipa, iinuliwe na maji ya kujaa, ivutwe na boti mpaka ng'ambo, halafu siku ya pili maji yakipwa tena maksai waipandishe mlimani. Kazi ya siku mbili na watu sabini. Watu hao hawaajiriwi. Wanaombwa.

"Nisikilize vizuri," Orfelina alimwambia. "Unakwenda kwa miguu yako, nyumba kwa nyumba. Unaingia, unakaa, unakunywa chai chungu watakayokupa kwenye kibuyu, husemi kitu. Wakikuuliza kilichokuleta, ndipo unasema, nimekuja kuwaomba. Basi."

"Na wewe utakuwa nami?"

"Mwombaji hasindikizwi. Mimi nitakungoja barabarani."

"Na wakikubali?"

"Wakishakubali ni wako, mpaka uwaachie. Sasa vaa viatu vya maana, hivyo ni vya kwendea harusi."

Graciela alicheka akabadilisha viatu. Alizunguka nyumba thelathini na moja kwa siku nne, na hakuna hata moja iliyokataa. Wanaume walikubali kwa ajili ya kamba na ng'ombe, wanawake kwa ajili ya moto na masufuria. Kila alipotoka mlangoni alimkuta Orfelina amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, na kila mara bibi huyo alimuuliza kitu kimoja tu, walikupa mkate au hawakukupa, ili ajue nani wa kumsema.

Jumamosi ya minga palikuwa na jozi kumi na nne za maksai. Mlio wa minyororo, kelele za watu, mbwa, watoto. Nolberto alikalishwa kwenye kiti juu ya kilima na blanketi magotini.

"Don Nolberto!" Don Sofanor alimpigia kelele akiwa mbele ya ng'ombe wake. "Umewahi kuona nyumba ikitembea?"

"Nimeziona zikianguka tu!"

"Basi omba leo usione yote mawili!"

Nyumba ikashuka. Ilishuka ikilalamika kila ubao, na watu wakivuta na kutukana na kucheka, na saa saba maji yalipojaa ikainuka, ikakaa juu ya maji, mapazia yakiwa bado dirishani. Boti tatu zikaivuta polepole kuvuka hori. Graciela alikuwa kwenye boti ya mwisho. Aliiona nyumba yake inakwenda mbele yake juu ya bahari, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwonea ajabu kwa sababu mwanamke yeyote angelia.

Ng'ambo ya pili Orfelina alikuwa jenerali wa masufuria. Alikoroga, alionja, alitukana kuni mbichi, alimfukuza padri aliyekuja kuonja mara mbili. Jioni alipopanda boti kurudi kwake, Don Edicto akiwa amemshika kiwiko, Graciela alimkumbatia.

"Umechoka sana, Doña Orfelina."

"Nimechoka vizuri. Kuna kuchoka vibaya na kuna kuchoka vizuri. Kesho saa mbili, usinicheleweshee moto."

Jumapili saa mbili moto uliwaka, na Orfelina hakuja. Nyumba ilikuwa imekaa kwenye tope la ghuba, imefungwa kwa nanga mbili. Upepo ulikuwa umegeuka. Redio ilisema dhoruba ya kaskazini itafika mchana, na mchana huohuo, saa nane, ndiyo ilikuwa bamvua, maji makubwa kuliko yote ya mwaka. Kila mtu aliyekuwa pale alielewa hesabu hiyo. Nyumba ipande kabla ya saa nane, la sivyo mawimbi yataibamiza kwenye mawe mpaka ibaki kuni.

Maksai walikuwa wakifungwa nira kengele ilipolia ng'ambo. Mara mbili, kimya. Mara mbili, kimya. Mara mbili. Kwetu huo ni mlio wa mwanamke aliyekufa. Watu waligeuka wote kumtazama Belarmino, ambaye ndiye mpiga kengele wa kanisa, naye alikuwa amesimama kati yetu na kamba begani.

"Si mimi ninayepiga," alisema kijinga, kana kwamba hatukumwona.

Mlio wenyewe ulikuwa dhaifu, unavutwa na mkono usio na nguvu. Ubavuni mwa kanisa kuna nyumba moja tu. Wanawake waliacha kukoroga. Mmoja alianza kulia kimyakimya, na Graciela, aliyekuwa anapasua kuni, alihitaji kuambiwa mara mbili.

Kwetu maiti akiwa juu ya ardhi hakuna anayefunga ng'ombe nira. Hilo hata mtoto analijua. Lakini watu hawa walikuwa wameombwa, nao walikubali. Don Sofanor alivua kofia, akaja mpaka mbele ya Graciela, na wote nyuma yake wakanyamaza.

"Mama Graciela, Doña Orfelina ametutoka. Sisi tuko mikononi mwako. Unasemaje?"

Graciela alimtazama kana kwamba anazungumza kutoka mbali sana. Hakuwa na mtu mwingine kisiwani kama yule bibi. Akaitazama nyumba kwenye tope. Akamtazama Nolberto kwenye kiti chake.

"Mkiondoka sasa, mtarudi lini?"

"Mazishi ni Jumanne. Tutarudi Jumatano."

"Jumatano hakutakuwa na nyumba."

"Ndiyo, mama," alisema Don Sofanor.

Nolberto alimwita mkewe. Alikuwa ameinuka, ameshikilia mgongo wa kiti.

"Waachie, Chela."

"Na wewe nikuweke wapi? Kwenye turubai?"

"Niweke popote. Mgodini akifa mtu tunaweka vifaa chini. Hata wenye mgodi wanajua, hawathubutu kusema kitu."

"Hapa si mgodini! Nimeuza kitanda cha mama yangu ili wewe upumue, Nolberto. Nimeuza kila kitu. Orfelina mwenyewe angekuwa hapa angesema vuteni, unamjua alivyokuwa."

"Ninamjua. Waachie."

Alisimama kati ya mumewe na wale watu. Alijiambia kwamba Orfelina alikuwa mtu wa kazi, hapendi maneno. Alijiambia kwamba maiti hana haraka na bahari ina haraka. Alijiambia pia kwamba kama jambo hili lingekuwa ovu, mtu kati ya watu sabini angefungua mdomo aseme, na akawaangalia mmoja mmoja akingoja. Hatukusema. Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo tulivyolelewa, na yule mmoja aliyekuwa anamwambia maana alikuwa amelala ng'ambo, amekufa.

"Nawaomba mvute," alisema Graciela.

Don Sofanor alivaa kofia yake. Tukavuta.

Sijawahi kuona kazi kama ile na sitaki kuiona tena. Kazi ilifanywa barabara, hakuna kamba iliyolegea, hakuna gogo lililowekwa kombo. Lakini hakuna aliyeimba hesabu ya kuvuta, hakuna aliyemtania mwenzake aliyeteleza. Hata ng'ombe waliongozwa kwa fimbo bila kuitwa majina yao. Graciela alikwenda huku na huko akishika kamba hii na ile, akisema asante, asante, na watu waliitikia kwa kichwa. Nyumba ilipanda mlima hatua kwa hatua. Saa saba na nusu ilikuwa juu ya mawe yake, imenyooka. Saa nane bahari ilikuja na dhoruba ikaifunika ghuba yote mpaka mahali nyumba ilipokuwa asubuhi, na Graciela alipoona ukubwa wa mawimbi yale alijiona alikuwa na haki.

Akawaita watu kula. Walikula wamesimama kwenye mvua. Wanawake wakaosha vijiko na masufuria, wakapanga kila kitu. Halafu wakabaki palepale, wanaume kwa wanawake, mikono mitupu, wakimwangalia. Hakuelewa wanangoja nini. Alidhani wanangoja aseme kitu kizuri, akaanza kutafuta maneno.

Don Sofanor alivua tena kofia. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

"Tuachie sasa, mama."

"Niwaachie?"

"Ndiyo. Tuachie twende."

"Nendeni! Jamani, nendeni, asanteni sana, Mungu awa..."

Walikuwa wameshaanza kwenda. Wengine walikimbia, hasa wanawake, waliinua sketi zao wakakimbilia boti. Ilikuwa saa kumi jioni. Pale ndipo Graciela alipojua kwamba tangu asubuhi alikuwa amewashika wote, na wapishi pia. Hakuwaachia hata wanawake wawili kwa sababu hakujua kwamba wao pia wako mkononi mwake. Na sisi nasi, mmoja wetu angeweza kupanda boti asubuhi ile akavuka bila kuaga. Kuvuka ni dakika kumi tu. Kila mmoja aliangalia kama jirani yake atakwenda, na hakuna aliyekwenda. Tulishikilia desturi yetu kwa kucha, tukajisikia watu wema.

Alikwenda matangani usiku huohuo. Orfelina alikuwa amelazwa mezani, amevikwa gauni lake la buluu, amechanwa vizuri. Graciela alipewa kiti, akapewa chai, akapewa mshumaa aushike zamu yake ilipofika. Don Edicto alimpa mkono. Hakuna aliyemwonyesha sura mbaya.

Hakuna aliyemwonyesha sura nzuri pia. Aprili ilikuja, mavuno ya viazi, na kila siku watu walipita mbele ya nyumba mpya na majembe kwenda shamba la fulani na la fulani. Mwaka uliotangulia walikuwa wakimpigia kelele toka njiani: wa jangwani, amka! Sasa walisema habari za asubuhi, jirani, wakapita. Alipokwenda mwenyewe walimpa mstari wake wa kuchimba. Alichimba peke yake, akamaliza peke yake. Alipougua mafua, mkate ulikutwa mlangoni umefunikwa kitambaa, na aliyeuleta hakubisha hodi. Hatukumfanyia ubaya wowote, tena tulijivunia hilo.

Mwezi wa Mei, maji yalipopwa, alimkuta Doña Clodomira, mke wa Don Sofanor, akichimbua chaza peke yake. Graciela aliinama kando yake. Hakuanza kuchimba.

"Clodomira, niambie nilikosa nini."

"Hujakosa kitu, jirani."

"Niambie. Naishi kama mtu aliyekufa, ninaamkiwa tu."

Mwanamke yule alijinyoosha akashika kiuno. Si mtu mbaya, ila maneno kwake hutoka kwa shida.

"Ungetuachia tu," akasema.

"Nyumba yangu ingevunjika!"

"Ingevunjika. Tungekujengea nyingine."

Graciela aliinuka pia.

"Mbao zipo, mikono ipo," Clodomira aliendelea, akiangalia ndoo yake. "Mwenye nyumba akiwaachia watu kwa ajili ya maiti, kijiji hakilali, wote wanarudi kwake. Kabla viazi havijaisha kuvunwa ungekuwa ndani. Baba yangu alijengewa hivyo. Kubwa kuliko ya kwanza."

"Mbona hamkuniambia? Watu sabini, Clodomira! Nilisimama pale nikawatazama mmoja mmoja!"

"Tungekuambiaje? Mtu akishajua kwamba atajengewa, hapo ameachia nini?"

"Mimi si wa hapa. Ningejuaje?"

Clodomira alifikiri kwa uaminifu kabisa, jibu likamjia, na nadhani lilimwingia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Orfelina angekuambia," alisema, akafuta pua kwa mkono wenye tope.

Graciela alirudi nyumbani na ndoo tupu. Nolberto alikuwa kwenye kiti karibu na moto, katika nyumba kavu, iliyonyooka, isiyo na vumbi. Kikohozi kilikuwa kimerudi tangu Machi, na hakuna daktari aliyeweza kusema kwa nini. Alimweleza kila neno. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia mikono yake mikubwa ya mchimbaji.

"Ulifanya kwa ajili yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Ndiyo maana sipati usingizi humu ndani. Nenda, Chela. Kama ulivyokwenda kuomba nyumba. Nenda kaombe msamaha."

Alikwenda. Safari hii barabarani hapakuwa na mtu wa kumngoja. Aliingia, akakaa, akanywa alichopewa, na walipomuuliza kilichomleta alisema, nimekuja kuwaomba mnisamehe. Nyumba baada ya nyumba walijibu hivyohivyo: hakuna ubaya, jirani. Walimwongeza chai. Walimuulizia hali ya Don Nolberto. Kwa Don Sofanor, kwa Belarmino, kwa wale vijana wa boti, hakuna ubaya, hakuna ubaya, na alitoka kila mlango akiwa ameshika upepo. Mtu anayekwambia hujamkosea hana cha kukusamehe. Mimi pia nilimjibu vivyo hivyo, na nilimpa mkate.

Siku ya tatu, asubuhi, alifika ubavuni mwa kanisa. Ilikuwa nyumba ya mwisho na alikuwa ameiacha kwa makusudi. Don Edicto alikuwa peke yake jikoni. Alikuwa na miaka themanini na miwili, macho yake yameingia ukungu, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi hata kibuyu alikishika kwa viganja viwili.

"Ni nani?"

"Ni Graciela, Don Edicto."

"Aa, jirani wa jangwani. Kaa. Maji yamechemka, jimiminie mwenyewe, mimi namwaga."

Akakaa. Hakungoja kuulizwa kilichomleta. Akasema hapohapo, kwa haraka, kabla moyo haujamtoka.

"Nimekuja unisamehe. Kwa siku ile. Kwa kuwashika watu."

"Hakuna ubaya," alisema mzee.

Graciela aliinamisha kichwa. Mzee alikunywa kidogo, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta. Hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa mtu aliyekaa siku nyingi bila mtu wa kuzungumza naye.

"Alikufa akivaa soksi," alisema. "Alikuwa anakuja kwenu. Soksi moja mguuni, nyingine mkononi, akaegemea kitanda, basi. Nikaenda nikapiga kengele. Kamba ile ni ngumu, sijui Belarmino anaiwezaje. Halafu nikaacha mlango wazi ili watu wasigonge, nikarudi."

"Don Edicto..."

"Nilichemsha maji. Nikamwosha uso na mikono, hiyo niliweza. Nikatoa gauni la buluu. Lakini gauni lazima umgeuze mtu, unaona? Lazima mmoja ashike bega na mwingine apitishe mkono. Nilijaribu kwa meno. Nilijaribu kwa kamba ya kuanikia nguo. Mchana nikaita mtu aje amshike bega tu. Niliita pale mlangoni, mvua inaingia. Nilisikia minyororo yenu ng'ambo. Nikasema wako kazini, watakuja. Mwili ukawa unakuwa mgumu. Mwishowe nikamfunika gauni kwa juu, kama blanketi, nikalala pale karibu naye asipate baridi mpaka walipokuja."

Chai ilikuwa imepoa mkononi mwa Graciela. Hakuweza kuinywa na hakuweza kuiweka chini.

"Alikuwa mwembamba," alisema Don Edicto. "Wewe ulimjua. Nilikuwa nikimbeba kwa mkono mmoja kuvuka mto, wakati nina mikono. Lakini siku ile alikuwa mzito, jirani. Sijui alikuwa mzito vile kwa nini."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha kwa ubavu. Mzee aligeuza uso kuelekea mahali alipodhani mgeni wake amekaa, na akakumbuka adabu, kwa sababu mtu akija nyumbani kwako unamuulizia habari za kwake.

"Na nyumba? Imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, Don Edicto."

"Vizuri," alisema mzee. "Vizuri."